Matanga ya Mama Radka

Radka alitoka Bulgaria kuja kusoma Kiswahili chuoni Mlimani kwa muhula mmoja, akapangiwa kukaa kwangu, hapa Kariakoo. Siku ilipoletwa telegramu kwamba mama yake amefariki, aliisoma, akaikunja, akabeba mkoba wake kwenda darasani.

Nilimfuata hadi barazani nikamfokea. "We mtoto una moyo gani? Mama yako amekufa, unaenda kusoma?"

Alinitazama kwa macho makavu. "Wanamzika leo, mama. Siwezi kufika. Nikilia hapa, nani anamjua ninayemlilia?"

Nilimnyang'anya mkoba, nikamkalisha barazani. Nikaingia ndani, nikatoa viti vyote nje, nikatandika mikeka, nikamwita Siwema wa nyumba ya pili. Kufikia adhuhuri wanaume wa mtaa walikuwa wamekaa kwenye viti nje, na wanawake wamejaa sebuleni, khanga kichwani. Chakula kilipikwa kwa jirani, maana mfiwa hapiki.

"Pole, mwanangu," Siwema alisema. "Mama jina lake nani?"

Radka akalitaja. Siwema akajaribu, ulimi ukakataa. Basi akajifunika khanga usoni, akamlilia marehemu kwa jina tunalowaita kina mama huku kwetu. "Mama Radka! Mama Radka, umetuachia mtoto!"

Hapo ndipo Radka alipoanguka mapajani mwangu akalia. Kwao, aliniambia baadaye, hakuna hata mmoja aliyewahi kumwita mama yake kwa jina la mtoto wake.