Oili Iliyokuwa Ikienda kwa Ruthu

Jenifa alifungua nati ya sampo, akasogeza beseni chini yake, akasubiri. Hakikutoka kitu. Oili alikuwa ameijaza mwenyewe asubuhi ile, na gari lilizunguka kiwanjani kidogo tu kabla injini haijanoki na kukwama. Alilala chali akachungulia. Hapakuwa na tone lililovuja, gasketi zilikuwa kavu, na bomba la moshi halikuwa na dalili ya oili iliyoungua.

"Imekwenda wapi?" aliuliza Jatin, mwenye gari, aliyekaa juu ya tairi mlangoni mwa gereji akinywa chai ya maziwa.

"Imekwenda," alisema Jenifa, akajifuta mikono.

Jatin alikuwa na duka la vipuri mjini Dodoma, na alichokipata dukani alikimalizia kwenye mashindano ya magari. Injini hii aliitaka ipande hadi mizunguko elfu tisa kwa dakika. Jenifa, ambaye gereji yake pale Area D ilisifika kwa injini zisizorudishwa kwa malalamiko, aliifumua na kuifunga upya, na sasa ilikuwa imekufa tena kwa ugonjwa uleule: kona ndefu, injini inalia, geji ya presha ya oili inaanguka, beringi zinachubuka.

Alimweleza Jatin njia zilizopo. Oili hukaa kwenye sampo, lile bakuli la chini ya injini. Gari likikata kona kwa kasi, oili hukimbilia upande mmoja na pampu ikabaki kunyonya hewa. Unaweza kujenga kuta ndani ya sampo ili oili isikimbie. Ni kazi rahisi, na magari mengi huridhika nayo. Au unaiondoa oili yote kule chini, unaiwekea tangi lake nyuma ya kiti, kisha pampu za ziada zinainyonya kutoka kila pembe ya injini na kuirudisha tangini kwa nguvu. Hiyo ni ghali na ina mipira mingi ya kupasuka, lakini injini hailali na kiu.

"Kabla hatujachagua, nataka nijue inakimbilia wapi," alisema. "Kuta zitazuia nini kama haimo ndani?"

Alifunga beringi mpya, wakaenda kiwanjani kando ya barabara ya Kondoa. Jatin aliendesha, Jenifa akakaa pembeni, macho kwenye geji. Katika kona ndefu, injini ilipovuka elfu saba, sindano ilianza kushuka, akamwambia azime. Vumbi lilipotulia walimwona mama mmoja akija kutoka kwenye tembe iliyo ng'ambo ya uzio, ameshika sufuria kwa mikono miwili asije akamwaga.

"Mbukwenyi, mama," Jenifa alimwamkia kwa Kigogo.

"Mbukwenyi, mwanangu. Leo mmeacha mapema. Hii haijafika hata nusu."

Jenifa alichovya kidole, akaonja. Mafuta ya alizeti, ya kukamua, bado yana uvuguvugu.

Mama huyo aliitwa Ruthu. Aliweka sufuria kwenye kivuli cha gari, akaeleza kwamba gari likilia sana pale konani vyombo vyake hujaa: kwanza sufuria, kisha ndoo, siku moja hata kibuyu cha maziwa. Hakuona la kushangaza. Kona ilipita katikati ya shamba lake la alizeti.

"Kila mwaka lilikuwa linanipa mafuta," alisema. "Naona bado linanipa."

"Shamba lina hati yangu, mama," alisema Jatin kwa upole. "Siku wapimaji walipokuja halikuwa na mtu."

"Nilikuwa Kondoa, msibani kwa dada yangu. Alizeti ilikuwepo. Ilikuwa inanifika kifuani."

"Alizeti si mtu."

Ruthu alikubali kwamba alizeti si mtu.

Wakiwa njiani kurudi mjini, Jatin alichagua. "Weka ya tangi. Na pampu ziwe zile zenye nguvu kuliko zote nilizonazo dukani."

"Bosi, zitanyonya mpaka kule kwa mama."

"Fundi, nimekuuliza habari za injini."

Jenifa aliifunga. Aliifunga vizuri, maana kufunga vibaya hakujua. Siku ya majaribio injini iliimba hadi elfu tisa na sindano haikutikisika. Kiwanja kizima kilinuka maandazi. Jatin alishuka garini akicheka peke yake.

Jenifa alivuka uzio. Sufuria za Ruthu zilikuwa zimekauka, wala si hizo tu. Koroboi lilikuwa kavu. Kopo la mafuta ya kujipaka lilikuwa safi kama lililolambwa. Mikono ya Ruthu ilikuwa imepauka na kuchanika, na alipokunja vidole, viungo vililia kama bawaba za mlango.

"Gari lenu limeninyonya mpaka magotini," alisema. "Nimeshindwa kuchuchumaa nipulize moto."

Jenifa alimpulizia moto, akarudi gereji na aibu yake. Bila kuuliza mtu aliondoa pampu ya upande wa kona, akafunga tangi kubwa zaidi, ili injini ishibe na oili inayobaki ipite iendako. Kisha akamwambia Jatin.

"Itakuwa inakunywa oili," alisema Jatin.

"Itakunywa."

"Lakini hainoki?"

"Hainoki."

"Basi sawa."

Tangu hapo Jatin huongeza oili kabla ya kila zoezi, na akiulizwa habari za shamba hujibu kwamba yeye na yule mama wamekwisha malizana: anampa mafuta. Ruthu anapata ya kupikia, ya kujipaka na ya kuuza. Karishma, mke wa Jatin, hununua kwake, kwa sababu ya madukani hayana harufu.

Mvua zilipokaribia, Ruthu alimtuma Jenifa akaulize kama anaweza kupanda walau ukingoni mwa kona. Jatin alisema kona yenyewe inarefushwa kwa mashindano ya mwakani, na itapita palipo jiko la mama. Hati ilifika hadi hapo.

Kona ndefu zaidi inataka tangi kubwa zaidi, kwa hiyo Jenifa alikwenda kuipima. Upepo ulikuwa mkali na futi kamba haikutulia. Ruthu alitoka ndani, akaishika ncha yake, akaibana kwa kidole gumba kwenye kizingiti cha jiko.

"Soma, mwanangu," alisema. "Nimeshika."