Nguruwe wa Mahari Huingia kwa Miguu Yake

Kama kuna kitu Adeline hakuweza kukivumilia, ni mtu kuja kutazama nguruwe wake huku ameziba pua. Nguruwe wake hawakunuka! Walilala juu ya maranda makavu aliyoyabeba mwenyewe kichwani kutoka kwa wapasuaji wa mbao zinazotoka msitu wa Mambasa, na maranda yakilowa aliyageuza kwa uma, akaongeza mengine. Nje ya paa walikuwa na uwanja wao, umezungushiwa mianzi, ambamo walifukua udongo mpaka wakachoka. Haja zao walikwenda kuzifanyia kwenye kona moja, kwa sababu nguruwe aliyepewa nafasi hachafui mahali anapolala. Hilo Adeline alimweleza kila mtu, hata asiyeuliza.

Watu wa mtaa waliuita uwanja huo Hoteli. Walikuwa wanamcheka, tusifichane. Mama aliyekimbia vita huko Fataki, aliyefika hapa mjini Bunia, mashariki ya Kongo, na watoto, sufuria na nguruwe jike mmoja, leo anamtandikia nguruwe kitanda! Adeline alicheka nao mchana, kisha akirudi ndani alitukana peke yake huku akimenya mihogo.

Kabla hajaja, mtaani pale nguruwe walifugwa kwa namna mbili. Ya kwanza ni kumfungulia asubuhi azurure jalalani na kando ya mto Nyamukau, jioni arudi mwenyewe. Wapenzi wa nyama choma waliapa kwamba huyo ndiye mwenye ladha. Lakini ndiye huyo huyo anayekula vilivyoko nyuma ya vyoo, na ndiyo maana mnunuzi hamlipii kabla ya kumpanua mdomo, kumvuta ulimi na kuupapasa kwa kidole gumba. Kidole kikigusa vijipunje kama mchele, hizo ni mbegu za mnyoo, na hapo biashara imekufa.

Namna ya pili ilikuwa ya jirani yake, Roger. Huyo alijenga boksi za simenti, nguruwe mmoja katika kila boksi, pua inagusa ukuta wa mbele na mkia unagusa wa nyuma, hata kugeuka hawezi. Kila asubuhi aliwamwagia maji na sabuni. Walikuwa weupe, wanono, wanang'aa, na watu wa mjini wakiwaona walisema huo ndio usafi. Wa Adeline, kwa sababu ya udongo mgongoni, waliitwa wachafu, tena na watu ambao hawakuwahi kuwashika ulimi hata siku moja.

Haya yote angeyameza kama kiwanja kingekuwa chake. Hakikuwa chake. Ni Muzee Gaspard aliyemwazima alipofika kutoka Fataki, na sasa Roger alikuwa amekiomba ili aongeze boksi. Muzee akawaita wote wawili barazani kwake.

"Miye sitaki palabre, sitaki magombano," alisema. "Parsele iko moja. Nguruwe ya Roger, batu banainunua. Yako, Mama Adeline, banakuya kuicheka tu. Nakupatia muda mpaka dot ya Chancelle. Kama mpaka ile siku batu ya hapa habajapenda nguruwe yako, utanirudishia parsele yangu."

"Na nguruwe nitaipeleka wapi, muzee? Fataki?"

Muzee Gaspard aliwaaga wote wawili. Hakuwa mtu mbaya, ila alipenda kitu kinachoonekana, na boksi za Roger zilionekana tokea mbali. Adeline alirudi uwanjani kwake. Bila uwanja ule angelazimika kuuza nguruwe wote kwa pupa na kurudi kufulia watu nguo, kazi aliyoifanya mwaka wake wa kwanza Bunia na aliyoichukia kwa moyo wote.

Sasa, huyo Chancelle, ambaye dot yake, yaani mahari, ilikuwa imekaribia, alikuwa kitinda mimba wa Muzee Gaspard, na kwa upande wa bwana arusi, aliyekabidhiwa kutafuta mnyama wa mahari alikuwa shangazi yake bwana arusi, Mama Fanny, mwanamke mwenye sauti ya kuongoza kwaya. Kazi yake haikuwa nyepesi. Katika ukoo wa Muzee Gaspard, mnyama wa mahari huingia langoni kwa miguu yake mwenyewe. Habebwi, hasukumwi kwa toroli, hapakiwi kwenye pikipiki. Akibebwa, lango linafungwa na wageni wanarudi walikotoka, kwa sababu kwao aliyebebwa ni mgonjwa, na binti haposwi kwa ugonjwa.

Mama Fanny alianzia kwa Jérôme, aliyekuwa na dume la kuzurura, jeusi, lenye misuli. Akalivuta ulimi, akapapasa, akakunja uso. Mbegu. Alifuta kidole kwenye shati la Jérôme mwenyewe, akaondoka bila kuaga. Kwa Roger alikaa sana, akisifu. Kwa Adeline alipita mwisho, kama mtu anayetimiza wajibu, na Roger akamfuata nyuma ili aone kitakachotokea.

Adeline alimwonyesha Makasi, jina lenye maana ya nguvu, dume lake lililohasiwa, refu, lenye ngozi ya rangi ya matofali na masikio yasiyotulia. Mama Fanny akamshika ulimi. Ulikuwa laini, msafi, bila punje hata moja.

"Ulimi iko muzuri," alikiri. "Lakini mama, angalia hii udongo! Nipeleke ku dot nguruwe ya udongo? Batu batasema nini?"

"Udongo inaoshwa. Kuosha ni kazi ya siku moja tu. Ile ya Roger, mama, weye umeiona inatembea?"

Roger akaangua kicheko langoni. "Nguruwe iko na miguu ine! Itakosa kutembea namna gani?"

"Iko nayo, ndiyo. Lakini tangu izaliwe imeenda nayo wapi?"

"Wivu," alisema Roger.

"Wivu," alikubali Mama Fanny, akacheka naye, na siku hiyo hiyo akachagua nguruwe wa Roger. Adeline alichukua uma akageuza maranda yote mpaka jasho likamtoka mgongoni, ingawa yalikuwa bado makavu.

Jumamosi ya mahari ikafika. Jua lilitoka kali mapema. Adeline alikuwa amejiapiza kwamba hatatoka nje, lakini nyimbo za kina mama zilipoanza kupanda kutoka bondeni, masikio yake yalimsaliti, akasimama nyuma ya mianzi kusikiliza. Aliwasikia wakikaribia. Aliwasikia wakipunguza mwendo. Kisha wimbo ukakatika katikati ya ubeti, na badala yake zikaja kelele za watu wanaoelekezana wote kwa pamoja.

Akatoka. Nguruwe wa Roger alikuwa amelala barabarani, karibu kabisa na lango la Adeline, na kitambaa chekundu cha mahari shingoni. Jinsi alivyofika hata hapo ni ajabu. Kwato zake, zilizokua ndefu kwa kukosa ardhi ya kuzisaga, zilikuwa zimepinda. Miguu ya nyuma ilitetemeka. Ngozi ile nyeupe iliyosifiwa ilikuwa imeanza kuwa nyekundu kwa jua, na alihema mdomo wazi. Pikipiki zilimpita zikipiga honi, na kila honi ilimtia hofu upya. Kijana mmoja akainua fimbo.

"Weka ile fimbo chini!" Adeline alipiga ukelele uliowanyamazisha wote. "Hana kiburi. Hajui! Hakuna mutu alimufunza njia!"

Alirudi ndani mbio, akaleta ndoo ya maji, akammwagia mnyama taratibu kuanzia miguuni. Akavua kitenge chake cha juu akakitandaza kumkinga jua. Roger alikuwa amesimama pembeni na suti yake, akitazama huku na huku kutafuta toroli.

"Toroli hapana!" Mama Fanny karibu alie. "Lango batafunga! Mama Adeline, nisaidie. Nisaidie, mama yangu."

Hapo, tuseme ukweli, Adeline alijinyoosha. Alikuwa amesubiri siku hii na hakuwa na nia ya kuipitisha haraka.

"Lakini yangu iko na udongo," alisema.

"Achana na udongo!"

"Iko ya hoteli."

"Mama Adeline, kwa jina ya Yezu!"

Watu wakacheka, na kicheko hicho kwa mara ya kwanza hakikuwa cha kumcheka yeye. Akaingia uwanjani. Makasi alikuja mwenyewe kama kila asubuhi, akampigapiga kwa pua kwenye paja akidai chakula. Adeline akamsugua mgongo kwa maji, akamkuna nyuma ya sikio, mahali alipopapenda. Alimfuga aliwe, na hakuwahi kujidanganya juu ya hilo. Lakini alimkuna mara ya pili.

"Umekula muzuri, umelala muzuri," alimwambia. "Leo tembea muzuri."

Kitambaa chekundu kikahamia shingoni kwa Makasi. Kamba hakumfunga. Alichukua beseni la matembele, akafungua lango, akatoka mbele, na Makasi akatoka nyuma yake. Pikipiki ikapiga honi. Makasi akageuza sikio moja, basi. Kwato zake ziligonga barabara, fupi na imara, na akaupanda mlima kana kwamba ameitwa kwa jina na mwenye nyumba. Kina mama wakatazamana. Mama Fanny akavuta pumzi, akaanzisha wimbo upya kwa sauti iliyofika ng'ambo ya bonde, na kwaya yote ikamdaka.

Watu walitoka madukani kuangalia. Kinyozi alimwacha mteja na kichwa nusu. Wale wale waliouita uwanja wake Hoteli sasa walitembea sambamba naye wakipiga makofi, na Adeline, ambaye hakuwa na nguo ya arusi wala kiatu cha maana, alitembea katikati ya barabara na beseni lake akijiona mkubwa kuliko wote. Alikuwa mkubwa kuliko wote. Siku hiyo nani angembishia?

Langoni, Muzee Gaspard alisimama na wazee wa ukoo. Makasi hakusita. Aliingia kwa miguu yake, akapita katikati ya wazee, akaenda moja kwa moja chini ya dirisha la jiko na kuanza kufukua bustani ya mwenye nyumba. Vigelegele vilipasuka pande zote.

"Hii nguruwe iko ya nani?" aliuliza Muzee.

"Ya Mama Adeline," Mama Fanny alijibu kwa sauti ya kusikika na kila mtu. "Na ulimi yake niliishika miye mwenyewe. Iko safi."

Alasiri, nyama ilipoiva, wale wa kuapia ladha ya nguruwe wa kuzurura walilamba vidole, na wale wa kusifu simenti waliomba kuongezewa. Wanawake wakamzunguka Adeline kila mmoja akitaka awekewe wake wa Noeli. Muzee Gaspard akainuka, akagonga glasi.

"Parsele," alisema, "inabakia kwa Mama Adeline, mpaka siku atachoka yeye mwenyewe."

"Sitachoka!" Adeline alijibu kabla hajakaa, akacheza mpaka kilemba kikamtoka.

Jumatatu asubuhi Roger alikuja kuchukua nguruwe wake, ambaye tangu Jumamosi alikuwa amelazwa kwenye maranda ya Adeline. Adeline alikuwa ameshapanga maneno ya kumpa, makali, moja baada ya jingine. Roger hata hakumtazama. Alikuwa ameshika mianzi, anatazama. Yule mnyama mweupe hakuwa mweupe tena. Alisimama kwa shida katikati ya uwanja, ameingiza pua yote ardhini, anafukua, anatulia, anafukua tena, na mkia wake, ambao Roger alikuwa hajawahi kuuona ukitikisika, ulikuwa unatikisika.

Roger aliachia mianzi, akakunja mikono ya shati. Kisha akasema, bila kumgeukia, "Mama Adeline, ile ukuta ya boksi... tunaanza kuvunja upande gani?"

Maneno yote yaliyopangwa yakamtoka Adeline kichwani. Akaenda kutafuta nyundo.