Dawati la Bandani

Kila asubuhi, kabla ya kumwandaa binti yake kwenda shule, mama aliingia kwenye banda la kuku uani, akachota maranda kwa mkono pale chini ya fito za kulalia, akayaminya. Kisha alifungua vidole. Yakibaki bonge, yameshalowa, ni ya kutolewa nje. Yakisambaratika, kuku wamelala pakavu. Kwa kazi hiyo majirani walimwita Mama Maranda, naye hakuona neno, maana banda lake liko hatua chache tu kutoka mlango wa jikoni na hakuna mgeni aliyewahi kuziba pua.

Maranda yenyewe aliyapata kwa shemeji yake, kaka wa mumewe, fundi seremala. Shemeji alimjazia magunia, yeye akampelekea mayai. Gunia la safari hii lilikuwa la maranda ya mbao nyekundu yenye harufu tamu. Aliyamwaga yote, akayasambaza kwa reki mpaka yakamfunika vifundo vya miguu, akarusha punje za mahindi juu yake ili kuku wachakure na kuyageuza wenyewe. Kuku ni vibarua wazuri ukiwapa sababu.

Jioni, alipoingia kuokota mayai, alikuta maranda yamejikusanya katikati ya banda yakawa dawati. Lilikuwa dawati la shule, la watoto wawili, kiti chake kimeungana na meza, na juu ya meza kuna kijifereji cha kuwekea kalamu. Tetea mweupe alikuwa ameshaketi. Mama alibonyeza meza kwa kiganja, ikakaza. Alipotazama chini akaona sakafu imebaki tupu, na hilo ndilo lililomuudhi. Kuku wangelalia nini? Ikabidi akatafute pumba za mpunga na maranda mengine.

Binti yake alichungulia mlangoni. Aliitwa Chiriku kwa sababu tangu alipojua kusema hakuwahi kunyamaza.

"Mama, hilo la nani?"

"Sijui. Futa kinyesi kwanza ndipo ukae."

Chiriku alifuta, akakaa, akamsogeza tetea, akafungua daftari. Alikuwa darasa la kwanza, na darasa la kwanza lilisomea chini, kwenye saruji, daftari magotini. Herufi zake zilianza vizuri upande wa kushoto halafu zikaporomoka kama watoto kwenye mteremko. Pembeni mwalimu alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: Mwandiko! Mama alilisoma neno hilo kila siku. Yeye mwenyewe alijifunza kuandika vizuri ukubwani, kwenye masomo ya jioni, akiwa na mimba ya mtoto huyu, tumbo likigusa meza, na alijua meza inafanya nini kwa mkono wa mtu.

Jioni ile herufi za Chiriku zilisimama kwenye mstari mpaka mwisho wa ukurasa.

Shemeji alipokuja kula mayai yake, alipelekwa bandani. Alichuchumaa, akanusa mguu wa dawati.

"Huu si ule mti wa shuleni?"

Ulikuwa ndio. Wazazi walikubaliana ukatwe, ingawa ndio uliokuwa kivuli pekee cha uwanja mzima, ili darasa la kwanza lipate madawati. Watoto waliuaga kwa wimbo.

"Na wewe ukatengeneza nini, shemeji?"

"Meza ya kulia chakula. Na viti vyake. Mwenyekiti wa kamati ya shule alisema ya kwake itangulie, madawati yatafuata."

"Na mbao?"

"Mbao zimeisha."

Mama alifikiri kidogo. "Basi maranda hayakupewa taarifa."

"Ningeyaambia mimi? Nawe shemeji, umezidi," fundi alisema, akaangalia viatu vyake. Kisha akasifu maungio.

Dawati lilikuwa na sharti moja, kuwa kavu. Siku kuku walipomwaga chombo cha maji, mguu mmoja ulinyong'onyea na Chiriku akateleza mpaka chini, bado anaongea. Mama alipandisha chombo juu ya matofali, akatoa yaliyolowa, akaongeza makavu, na mguu ukaota tena. Mtihani wa mwandiko ulikuwa umekaribia, na mvua pia.

Mumewe, mwenye moyo wa kusaidia, alilifunika banda zima kwa turubai la plastiki, hadi chini, asiache hata tundu. "Sasa hapa haipiti hata dua," alisema, akijisifu. Asubuhi pumzi za kuku zilikuwa zimepanda, zikagonga plastiki, zikarudi chini matone matone. Nje hapakuwa na tone la mvua. Dawati lilikuwa laini kama mkate uliochovywa kwenye chai.

"Baba Chiriku, kuku nao wanapumua."

"Nilidhani nasaidia, mke wangu."

"Umesaidia. Shika reki."

Walikunja turubai mpaka chini kidogo tu ya paa, hewa ikapita. Waligeuza maranda pamoja, wakarusha mahindi, kuku wakachakura mchana kutwa. Jua lilipoanza kulegea dawati likanyanyuka, limepinda kidogo upande mmoja. Chiriku alisema linapendeza zaidi hivyo.

Mwenyekiti wa kamati alipata habari, akaja na mpiga picha. Aliomba kuku watolewe. Alikaa kwenye dawati, akatabasamu, akapigwa picha, kisha akapigwa nyingine akimshika Chiriku bega.

"Kwa hiyo madawati yapo," alisema, akisimama.

"Hili ni la bandani, mwenyekiti," mama alisema. "Ya darasani je?"

"Yapo kwenye mchakato, mama." Alipangusa suruali, akaomba trei ya mayai, akapewa. Picha ilibandikwa kwenye ubao wa matangazo shuleni, chini yake maneno: Madawati yamepokelewa. Darasa la kwanza waliisoma wakiwa wameketi chini, maana ubao huo ulikuwa ukutani mbele yao.

Mtihani waliufanyia kwenye saruji. Chiriku aliinamisha daftari kama meza ya bandani ilivyoinama, na mkono ulikuwa umeshazoea. Mwalimu aliandika kwa wino uleule mwekundu: Mwandiko mzuri.

Jioni hiyo Chiriku alikuja na rafiki yake, kwa kuwa dawati ni la wawili. Rafiki alisimama mbele ya tetea mweupe.

"Huyu anatoka saa ngapi?"

"Hatoki. Sogea huku."

Walibanana watatu. Mama alichota maranda kwenye kona, akayaminya, akafungua vidole. Yakasambaratika.