Tangazo la Picha

Phiona alinipa simu yake, akaniambia nifumbe macho.

"Na usichungulie. Fumba kweli."

Nikafumba. Tulikuwa chumbani kwake Nkoma, Mbale, Jumapili baada ya kanisa. Mimi na yeye ni watoto wa askari magereza. Tulikulia kwenye nyumba za mabati nyuma ya gereza, ambako watoto wa makabila yote tuligombana kwa Kiswahili. Yeye ni mkubwa kwangu kidogo. Surua ilimchukua macho akiwa bado hajaanza shule. Simu yake ina sauti inayosoma kila kinachoguswa na kidole, na kwa kawaida huiendesha mbio hivi kwamba mimi nasikia nyuki tu. Siku hiyo aliipunguza kasi kwa ajili yangu.

Nikagusa. "Picha," simu ikasema. Nikateremsha kidole. "Kitufe. Kitufe. Kisanduku cha kuandika. Kisanduku cha kuandika. Kitufe."

"Kitufe cha nini?" nikauliza.

"Unaniuliza mimi? Tovuti si yenu?"

Ilikuwa yetu. Ilikuwa tovuti ya chuo kimoja cha ustawi wa jamii huko Jinja, na aliyeitengeneza ni bosi wangu, Umar, kabla hajaniajiri. Maombi ya kujiunga yalipokelewa hapo tu, na mwisho ulikuwa Ijumaa.

"Lete nikujazie," nikasema.

Akaninyang'anya simu. "Mwaka jana nilijaziwa. Kijana wa kafe ya intaneti kule sokoni. Penye namba ya simu akaandika yake, maana ndiyo vidole vyake vimeizoea. Chuo kikanichukua, Conrad. Ujumbe ukaenda kwake, akadhani ni matangazo, akafuta. Nimekuja kujua wenzangu wako katikati ya muhula." Sauti yake haikupanda, na hapo ndipo nilipojua jinsi alivyokasirika. "Sijaziwi tena. Hata na wewe, hata ukiwa malaika."

Jumatatu asubuhi nilimweleza Umar, ofisini kwetu Jinja. Akacheka.

"Conrad bwana, umekwenda kwenu kula malewa, machipukizi yenu ya mianzi, umerudi na kesi. Kipofu gani anaingia kwenye tovuti?"

"Anayetaka kusoma chuo."

"Ana ndugu. Watamsaidia."

Nilinyoosha mkono nikazima skrini yake, nikawasha sauti ya kompyuta. "Jaza fomu, bosi. Wewe ndiye uliyeitengeneza."

Akacheka tena na kuanza kubonyeza. Kitufe, ikasema kompyuta. Kitufe. Kisanduku. Akabonyeza kimoja kwa kubahatisha, ikamrudisha mwanzo. Akajaribu kingine, ikamrudisha mwanzo. Kicheko kikaisha. Mwishowe akaisukuma kibodi.

"Upuuzi gani huu?"

"Ni kazi yako."

Nilidhani ananifukuza. Badala yake akawasha skrini. "Rekebisha. Lakini ile picha ya tangazo usiiguse. Ile ni ya Afande, msajili wa chuo."

Nikakaa kazini. Kila kitufe nilikipa jina lake: Endelea, Rudi, Tuma. Kila kisanduku nilikiunganisha na maneno yaliyo juu yake, ili sauti iseme "jina la ukoo" badala ya kisanduku tu. Penye nyota nyekundu niliandika neno "lazima", kwa kuwa rangi haisikiki. Nikazima skrini, nikaijaribu mwenyewe kwa masikio. Kufikia chakula cha mchana nilikuwa nimemaliza, na hasira yangu badala ya kushuka ikapanda. Mtu alikuwa amepotezewa mwaka mzima kwa ajili ya kazi ya asubuhi moja.

Ikabaki ile picha. Fomu ilidai namba ya kozi, na namba za kozi zilikuwa ndani ya tangazo la chuo peke yake. Tangazo lenyewe lilikuwa karatasi iliyopigwa muhuri na kusainiwa, kisha ikapigwa picha na kupandishwa kwenye tovuti, na sauti ya simu haisomi maneno yaliyo ndani ya picha. Nilimpigia Phiona nikataka kumtajia namba ya kozi yake.

"Na yule asiye na Conrad?" akauliza. "Nakuja huko mwenyewe."

Alhamisi nilimpokea stendi, tukaenda chuoni kwa msajili. Msajili ni meja mstaafu anayeitwa Waiswa, na hakuna anayemwita kwa jina hilo. Ni Afande tu, na Kiswahili chake ni cha jeshini.

"Tangazo bila muhuri ni uvumi," aliniambia hata kabla sijakaa. "Wezi walishatoa tangazo la uongo kwa jina letu, wakala karo za watu. Toka siku hiyo napiga muhuri, nasaini, karani anapiga picha, inapanda. Basi."

"Picha ibaki, Afande. Tuandike tu maneno yaleyale chini yake."

"Maneno mtu anabadilisha."

"Hata picha, Afande, mtu anaweza..."

"Kijana, wewe una cheo gani?"

Damu ikanipanda kichwani. Phiona akanikanyaga mguu.

"Jambo, Afande," akasema.

Mzee akageuka. "Jambo! Kiswahili hicho si cha shule. Umezaliwa kambini?"

"Magereza, Mbale."

"Ndiyo maana! Basi keti, binti yangu. Usijisumbue. Patience hapa atakujazia, karani mzuri sana."

Nilimwona Phiona akikaza taya. Akaiweka simu yake juu ya meza, mbele ya mzee.

"Afande, amri ikitoka, askari anafanya nini?"

"Anasikia. Anatii."

"Sikia amri yako." Akagusa skrini. "Picha," simu ikasema. Akagusa tena. "Picha."

"Endelea."

"Hakuna kuendelea, Afande. Imekwisha. Sasa mimi nitii nini?"

Mzee akainama juu ya simu. "Muhuri wangu je?"

"Haupo."

"Sahihi? Cheo changu?"

"Havipo. Nimesikiliza tangazo hili mwaka jana, nimelisikiliza mwaka huu. Kwangu mimi, wewe hujawahi kusema lolote."

Patience alitazama dirishani. Kisha mzee akasimama, akaninyooshea kidole.

"Nyinyi! Takataka gani hii mmetengeneza? Mimi natoa amri, mashine yenu inasema picha?"

Nilikuwa na majibu mengi, yote makali. Nikayameza, nikakaa kwenye kompyuta ya karani. Afande akanisomea tangazo lote akiwa wima, kama yuko gwarideni: kozi, namba, vyeti, tarehe. Mwisho akasema, "Andika: limepigwa muhuri wa Msajili, limesainiwa na Meja mstaafu Waiswa."

Nikapandisha. Simu ya Phiona ikaanza kulisoma, naye mzee akasikiliza hadi kwenye jina lake. Akatikisa kichwa kukubali, akakaa.

Phiona alisogeza kiti pembeni akaanza kujaza. Penye cheti Patience akamshika kidole amwelekeze pa kubonyeza.

"Mkono, dada," Phiona akasema.

Mkono ukarudi. Penye namba ya simu Phiona aliandika polepole, akairudia tarakimu baada ya tarakimu, akairudia tena. Kisha simu ikasema, "Tuma. Kitufe." Akabonyeza. "Maombi yako yamepokelewa." Mara ujumbe wa chuo ukaingia, kwenye simu yake mwenyewe.

Nilishindwa kujizuia. Tulipotoka nje machozi yalinilenga. "Hongera, dada!"

"Usinipongeze. Watu wamejaza fomu hii wamelala kitandani. Mimi nimetoka Mbale, nimemsomesha bosi wako, nimemsomesha Afande, ndipo nijaze. Nipongeze nikishafaulu masomo." Akakunjua fimbo yake. "Umar ametengeneza tovuti nyingine?"

"Nyingi. Zahanati, shule, chama cha akiba..."

"Zote hivyo hivyo?"

"Zote."

"Basi usinisindikize," akasema. "Stendi nitaulizia. Wewe nenda kazini."