Mablanketi ya Kapumba

Karani Alois alipomwita ofisini asubuhi ile na kumpa kiti, Yoramu alijua kuna jambo. Miaka kumi na minne amekuwa mpiga mbiu wa serikali pale Tabora, hajawahi kupewa kiti. Maagizo alikuwa akiyapokea amesimama mlangoni, kofia mkononi, kisha haya, toka. Leo kiti, na chai ya maziwa juu yake!

"Kunywa, ndugu yangu," karani alimwambia. "Kipupwe cha mwaka huu si mchezo."

Hapo hakusema uongo. Julai ile baridi iliwaingia watu mpaka kwenye mifupa, na ukipita mtaa wa Ipuli alfajiri ulisikia kikohozi nyumba kwa nyumba. Akina mama wa mjini, Wakatoliki, Wamoraviani na Waislamu pamoja, walikuwa wakikusanya mablanketi ya kuwapa watu wa vijijini, kama walivyofanya kila kipupwe. Aliyewaongoza ni Bi Kuluthumu, mjane mmoja mnene mwenye sauti ya kuamrisha, na ole wako umwambie huna kitu.

"Mwaka huu yanakwenda kwa watu wa Kapumba," karani aliendelea. "Utawaita waje hapa uwanjani Jumamosi. Wote, unanielewa? Wazee, wagonjwa, watoto wa mgongoni. Kila mtu apokee lake kwa mkono wake, na asiyekuja hapati."

"Kapumba ni mwendo wa saa tatu kwa miguu, Bwana Karani. Kwa nini lori lisiwapelekee?"

"Lori lina kazi nyingine." Alois akatabasamu. "Tena wewe Kapumba wanakusikiliza sana. Kuliko askari."

Yoramu akaweka kikombe chini. Kapumba ni kijiji cha wavuna asali, kandokando ya njia ya zamani ya misafara, ukielekea Sikonge. Serikali ilikuwa imetoa amri kihamishwe kwa sababu ya mbung'o na ugonjwa wa malale, watu wapelekwe kwenye makazi mapya, mbali huko, wasikokujua. Hawakutaka. Mara mbili askari walikwenda kuwatoa, na mara mbili walikuta majiko yana moto na hakuna hata kuku. Watu wote walikuwa wamekwisha ingia msituni na mtama wao kichwani. Sasa nani aliyewapelekea habari? Mimi sisemi. Nasema tu kwamba dada yake Yoramu, Koleta, aliyemlea tangu mama yao alipofariki, alikuwa anakaa Kapumba, na mume wake na watoto wake watatu walizikwa nyuma ya nyumba yake. Koleta alikuwa ameapa hatoki pale mpaka na yeye alazwe hapo hapo.

Basi Yoramu akafanya kama alivyozoea. Hakuwa mtu wa kutangaza kitu asichokiona, na watu walimheshimu kwa hilo. Ukitangazwa mnada wa ng'ombe, kwanza anakwenda kuwatazama ng'ombe. Akaenda kwenye ghala la serikali, yalikowekwa mablanketi. Bi Kuluthumu akamfungulia marobota mwenyewe, akamwekea blanketi mikononi. Lilikuwa la kijivu, zito, lina mstari mwekundu pembeni.

"Pima mwenyewe," alisema kwa fahari. "Safari hii hatuwapi watu matambara!"

Pembeni mwa ghala palikuwa na madebe ya mafuta ya taa, kama kumi hivi, yamepangwa ukutani. "Na haya ya nini?" Yoramu aliuliza.

"Hayo ya serikali, baba. Mimi niulize habari za mablanketi."

Akajiambia ni ya taa za ofisi. Taa gani za kula madebe kumi? Moyo ulimwambia, tena ulimwambia wazi, yeye akaunyamazisha. Maana Maua, mjukuu wa Koleta, mtoto wa miaka minne, alikuwa anakohoa tangu Juni, na mara ya mwisho Yoramu alipomwona alikuwa amefunikwa gunia.

Kapumba alifika jua limepanda. Akapuliza pembe, watu wakakusanyika, akatangaza: Jumamosi, uwanjani, kila mtu blanketi lake, aje mkubwa na mdogo. Wakapiga vigelegele. Koleta peke yake hakupiga. Alimshika mkono akampeleka nyuma ya nyumba, kwenye makaburi.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Hebu niambie. Tangu lini hao wametupenda?"

"Si wao. Ni akina mama wa mjini."

"Umeyaona hayo mablanketi?"

"Nimeyashika kwa mikono hii."

"Na hakuna jambo lingine?"

Hapo ndipo, jamani. Hapo hapo. Angesema, "Dada, kuna madebe ya mafuta, kuna lori lina kazi nyingine, na leo nimepewa chai." Ndani ya nyumba Maua alikohoa, akakohoa tena, mpaka mtu ukatamani kumkoholea wewe. Yoramu akasema, "Hakuna."

"Basi tutakuja," Koleta alisema. "Ingekuwa mtu mwingine, nisingetoka hapa."

Jumamosi wakaja wote. Wakongwe walibebwa kwenye machela, akina mama na watoto mgongoni. Nyumba zao walizifunga kwa kamba tu, kama mtu anayerudi jioni. Bi Kuluthumu alikuwa anagawa huku anacheka, anamfunika kila mzee mabega kwa mkono wake. Yoramu alimwona Maua ndani ya blanketi la kijivu, pua tu inaonekana, amelala mapajani kwa bibi yake bila kukohoa. Furaha ilimpanda mpaka akataka kulia.

"Katuletee robota lingine," Bi Kuluthumu alimtuma.

Akaingia ghalani. Marobota yalikuwepo. Madebe hayakuwepo, hata moja.

Alitoka mbio. Uwanjani palikuwa na askari wawili tu, na siku zote ni kumi na wawili. Malori matatu yalikuwa yamesimama chini ya ukuta, matupu, madereva wamekwisha kaa kwenye usukani.

"Askari wengine wako wapi?" alimuuliza karani.

"Wako kazini," Alois alijibu, wala hakumtazama.

Yoramu akashika pembe. Milio mitatu mifupi: kila mtu wa Kapumba anajua maana yake ni kimbieni. Wanaume wakaruka wima. Akamkimbilia dada yake, akapiga magoti mbele yake.

"Dada, wanachoma kijiji. Sasa hivi ninavyosema nawe, wanachoma. Ingieni msituni, bado mna nafasi, askari ni wawili tu!"

Koleta hakupiga kelele. "Msituni tukale nini?" aliuliza. "Mtama wetu uko nyumbani."

"Unaungua."

"Na nyuma ya nyumba?"

Watu wa Kapumba walikuwa wanamtazama Koleta, wamesimama, wanangoja neno lake. Koleta akamtazama Maua aliyelala. Akalikaza lile blanketi shingoni mwa mtoto, akakaa vizuri chini.

"Msituni huyu hafiki hata kesho," alisema. "Kaeni, jamani. Kaeni."

Wakakaa mmoja mmoja. Vijana wawili walikimbia, wengine walikaa. Bi Kuluthumu alikuwa amesimama na blanketi mkononi, anauliza, "Kuna nini? Mbona hamniambii? Kuna nini?" Moshi ulikuwa umeanza kuonekana upande wa Sikonge.

Karani wala hakukasirika kwa ile pembe. Alitoa karatasi mfukoni akampa Yoramu. "Jumatatu utakwenda kijiji kinachofuata," alisema. "Maneno ni yale yale. Mablanketi yamebaki mengi."

"Tafuta mtu mwingine."

"Mwingine hawatamwamini."

Yoramu aliiangusha ile karatasi, akaiangusha na pembe. Watu walikuwa wakipandishwa kwenye malori. Hakukuwa na mtu wa kuwasukuma, walipanda wenyewe, wamejifunika, kimya. Koleta alikaa nyuma kabisa, Maua mapajani, na kando yake palikuwa na nafasi ya mtu mmoja. Yoramu akashika ubao wa lori, akaweka mguu.

"Nakwenda na nyinyi, dada. Popote mnapokwenda."

Koleta alimtazama, yule mtoto aliyemlea. Kisha akalivua blanketi lake mabegani, akaanza kutetemeka kwa baridi, akalitandaza pale kando yake, akalinyoosha pembe zote nne.

"Hapa pamejaa," alisema.