Sufu Mbichi

Kondoo wangu ni sita. Wiki iliyopita mwanangu aliniambia, tena kwa upole, "Mama, Jumamosi ukiweza kuwanyoa wote, wabaki. Ukishindwa, jioni nawapeleka kwa baba mdogo. Mgongo wako si wa kuchezea." Nikakubali, maana nilijua ananionea huruma.

Jumamosi nikaanza na jike mkongwe tunayemwita Bibi Harusi, kwa vile hapendi kukanyaga matope. Nilimkalisha kitako, mgongo wake magotini pangu, nikaanzia tumboni, mkono wa kushoto ukivuta ngozi ili mkasi usiing'ate. Mkono wenyewe ulikuwa unakufa ganzi. Zamani nilimaliza kondoo mmoja chai haijapoa. Huyu alinilia asubuhi nzima. Wa pili nilimkata kidogo kwapani, nikamwomba radhi. Kondoo husamehe, au husahau, sijui.

Nilipokwenda bandani kumtoa wa tatu, nikamkuta mkamwana wangu na ndoo, kondoo wanne wanachuruzika maji.

"Mwanangu, umefanya nini?"

"Walikuwa wachafu, mama. Nikaona nikusaidie."

"Sufu mbichi hainyolewi! Mkasi unakwama, na ukiitia guniani inaoza. Hawa watakauka baada ya siku mbili, tatu!"

"Ala! Basi nimeharibu." Wala hakuonyesha majuto. "Ingia ndani ulale."

Nililala kwa hasira, halafu usingizi ukanichukua kweli. Kuamka, nikakuta nimefunikwa shuka miguuni, na mkasi wangu umefutwa ukapakwa mafuta. Ndipo nikakumbuka kwamba huyu amekulia zizini. Baba yake alikuwa na kondoo sitini. Angekosaje kujua?

Jioni mwanangu akaja na kamba.

"Wawili tu, mama?"

"Nimewalowesha mimi," mkewe akadakia. "Kosa langu. Mpe hadi Jumanne."

"Wewe, binti wa wafuga kondoo?" Akacheka. "Hata kondoo wenyewe hawajakuamini."

Kisha akanigeukia. Ningenyamaza ningepata siku zangu tatu. Lakini hata kumi zisingenirudishia mkono.

"Usimlaumu," nikasema. "Aliniona nimechoka, akanipumzisha. Hao wanne siwawezi, baba. Nimeshindwa."

Bibi Harusi, kipara kitupu, alikuwa anajikuna kwenye ukuta.

"Basi nitawanyoa mimi," akasema mkamwana. "Mama atakaa kwenye kiti anivutie ngozi. Mimi kukata najua, ila kwapani huwa natetemeka."

"Na mwakani?"

"Mwakani pia. Kwani nimekuambia nahama?"

Mwanangu akaizungusha kamba mkononi.

"Jumanne, basi. Ila mama asiiname."

"Hatainama."

Nilitaka kumshukuru mkamwana. Nikamwambia tu aniletee kile kiti chenye mto, na kwamba yule mweupe mwenye kilema ashikwe taratibu, mguu wa nyuma unamuuma.

"Najua, mama," akasema. "Nilimwosha kwa maji ya vuguvugu."