Mkeka wa Sabiha

Nina ulimi mkali, na siku wenzangu kazini waliponipinga kuhusu picha niliutumia wote. Mimi ndiye ninayeongoza usanifu wa tovuti ya shirika moja la kimataifa la watoto, nikiwa hapa hapa Tanga, na wenzangu sita wametawanyika nchi tano. Walitaka picha za watoto ziwe ndogo. Nikawaambia mchangiaji akipewa kijipicha cha ukubwa wa stempu atakwenda zake. Nikashinda. Picha zikawa kubwa, na mgeni wa tovuti aliweza kuivuta kila moja karibu hadi akahesabu nyuzi za shati.

Sheria za kumlinda mtoto tulizifuata zote. Jina tunabadilisha, sura hatuonyeshi, kijiji hatukitaji. Bayan wa Tongoni, mwenye miaka kumi na minne, kwenye tovuti aliitwa Precious, na alipigwa picha kwa nyuma, amekaa anasoma. Huyu alihitaji kufichwa kuliko wote. Babake, Jumbe, alikuwa keshatoa neno la kumwoza kwa mzee mwenzake, ndipo mama mtu, Sabiha, akatoroka naye kutoka Pongwe na nguo walizovaa tu, wakajificha Tongoni.

Kila mgeni anapotoka kwenye tovuti yetu huulizwa: Je, umekipata ulichokuwa ukitafuta? Swali hilo nililitunga mimi, na majibu yake huyasoma asubuhi kabla hata ya chai.

Ijumaa ile nilikuwa natayarisha ripoti. Tuna mtambo unaorekodi njia ya kila mgeni: mshale wake kwenye skrini ulipopita, ulipotua, alipovuta picha. Jina lake hatulijui, ila mji tunauona. Mmoja alikuwa ameufungua ukurasa wa Precious mara arobaini na moja. Mji wake ulikuwa Tanga.

Nilifurahi, Mungu anisamehe. Nikasema kumbe na kwetu wapo wenye moyo.

Nikaitazama rekodi ya kwanza. Mshale haukumgusa mtoto hata kidogo. Uliteremka moja kwa moja kwenye mkeka aliokalia, ukauvuta karibu, ukafuata pindo lake polepole mpaka mwisho, ukarudi. Ya pili vivyo hivyo. Kwenye ya kumi ulianza kupanda ukutani, ukachungulia kila ufa, na juu kabisa pembeni ukatua kwenye kipande cha nguzo ya kaburi la kale, kidogo kama ukucha. Hapo ulikaa dakika nne. Mtu wa mbali angeona jiwe tu, lakini mtu wa Tanga angejua ni magofu ya Tongoni.

Niliogopa. Nikampigia Yasini, afisa wetu wa kule.

"Yasini, mkeka kwenye picha ya Bayan kausuka nani?"

"Mamake mwenyewe, Bi Khuloud. Wapiga picha walipofika akawatandikia ule mpya. Si wajua, mgeni hakalishwi chini. Wao wakaupenda, wakamkalisha mtoto."

"Na nakshi ile ya pindoni?"

"Ya mkono wake. Pongwe nzima hapana mwengine asukaye vile." Akaongeza: "Ndiyo hiyo hiyo aliyoagiza yule mfadhili."

Mfadhili nilikuwa nimemsahau. Wiki tatu nyuma mgeni mmoja aliyejiita mfadhili alituandikia kwamba ameupenda mkeka wa Precious, anataka mfano wake, na dereva wake ataupitia. Mwenzangu mmoja aliniuliza kama tuupeleke ujumbe ule. Ni mimi niliyejibu: upelekeni, na namba ya mama mpeni, apate riziki.

"Anauchukua lini?" nikauliza.

"Leo, kabla ya swala ya Ijumaa."

Saa ya ukutani ilisema saba kasoro robo.

"Panda pikipiki sasa hivi. Sabiha na mwanawe wasitoke ndani, na mtu yeyote asiingie."

Nikabaki nimeishika simu. Ningeweza kuufuta ukurasa ule pale pale, lakini sikukumbuka hata hilo. Nilisoma Ayatul Kursi mara tatu, na mara zote tatu nilipotea katikati.

Yasini alipopiga, alimpa simu Sabiha. Alikuwa mchangamfu.

"Bi Khuloud, Yasini kaja mbio hana pumzi. Kwani kuna nini?"

"Mkeka uko wapi, Sabiha?"

"Ushachukuliwa. Gari lilisimama kule barabara kuu, dereva akapiga simu, akasema ana haraka, hawezi kuingia kijijini."

"Kaupeleka nani?"

"Bayan. Nimemwambia akatoe ahsante kwa kinywa chake. Mtu anakusomesha, halafu umpelekee kitu kwa mkono wa mwengine? Ni aibu. Kaenda nusu saa sasa, nafikiri wamemweka kwa mazungumzo."

Nyuma yake nilimsikia Yasini akisema kwamba amepita pale barabarani, na hakukuta gari wala mtoto. Sabiha akaitupa simu, nikamsikia akikimbia nje akimwita mwanawe. 

Nikafungua kompyuta niufute ukurasa. Kulikuwa na jibu moja jipya, la mgeni wa Tanga, la dakika ishirini zilizopita. Je, umekipata ulichokuwa ukitafuta?

Ndiyo.